Picha ya Galaksi Si Habari Yote

Picha za kuvutia zinazoletwa na darubini za angani, Hubble na James Webb, zimewafanya wengi waulize kama bado kuna haja ya kujenga darubini kubwa milimani. Swali ni la haki, ila limeegemea dhana kwamba kazi ya darubini ni kupiga picha. Galaksi yenye mikono iliyojipinda, kama Andromeda iliyo umbali wa miaka ya mwanga milioni 2.5, hutoa siri zake kubwa pale mwanga wake unapochambuliwa rangi moja moja, na uchambuzi huo unadai kioo kikubwa.

Ushahidi upo. Mwaka 1970 wanafalaki Vera Rubin na Kent Ford, wakitumia darubini za Arizona, Marekani, walichapisha vipimo vya mawingu 67 ya gesi ndani ya Andromeda. Gesi hung'aa kwa rangi maalumu zinazojulikana. Wingu likija upande wetu rangi hizo husogea kidogo kuelekea buluu, likitukimbia huelekea nyekundu, na kiasi cha kusogea ndicho kipimo cha mwendo. Ilitarajiwa mawingu ya pembezoni yawe ya polepole, kama Neptuni inavyolizunguka jua kwa takriban kilomita 5 kwa sekunde ilhali Utaridi huenda kilomita 47. Haikuwa hivyo, mwendo wa pembezoni haukushuka kama ilivyodhaniwa. Galaksi nyingine zilipopimwa zikaonyesha jambo hilohilo, na leo wanafalaki wengi wanakubali kwamba galaksi zimezungukwa na maada isiyotoa mwanga, ambayo mvuto wake huzuia mawingu hayo ya kasi yasitoroke. Maada hiyo haionekani pichani, hata picha iwe safi namna gani. Iligunduliwa kwa kupima mwendo.

Mpinzani atasema kwamba hewa huyumbisha mwanga. Ni kweli, na yako mawimbi ya mwanga yasiyofika ardhini kabisa. Kwa hayo, darubini za angani hazina mbadala. Hata hivyo, tatizo la kuyumba limepunguzwa sana. Kwenye darubini za Paranal, Chile, mita 2,635 juu ya usawa wa bahari, leza huwasha nyota bandia yapata kilomita 90 angani, kompyuta hupima jinsi inavyochezacheza, na kioo chembamba hubadili umbo lake papo hapo kurekebisha kasoro.

Linalobaki ni wingi wa mwanga. Ukiugawa mwanga hafifu katika maelfu ya rangi, kila rangi huambulia kiasi kidogo mno. Kioo cha Paranal chenye upana wa mita 8.2 hukusanya mwanga zaidi ya mara 10 ya kile cha Hubble chenye mita 2.4. Kwa uwezo huo, wanafalaki waliweza kuichora galaksi NGC 253 katika maelfu ya rangi, kazi iliyotangazwa mwaka 2025 baada ya saa zaidi ya 50 za kuitazama. Huko huko Chile inajengwa darubini yenye kioo cha mita 39, ukubwa ambao hakuna roketi ya leo inayoweza kuubeba. Kuziacha darubini za ardhini kwa sababu za angani zina picha nzuri ni kubaki na sura ya galaksi na kupoteza maelezo yake.