Mbele Yanafanana, Nyuma Yanatengana: Land Cruiser 78 na 79 katika Milima ya Masisi

Je, wajua kwamba Land Cruiser ya wagonjwa inayopanda kutoka Sake kwenda hospitali ya Masisi, huko Kivu Kaskazini, na pikapu inayoteremka kutoka huko ikiwa imejaa viazi, maharage, madumu ya maziwa na watu waliokaa juu ya mizigo, ni gari moja mpaka pale kiti cha dereva kinapoishia? Boneti ni ile ile. Injini, giaboksi, usukani na milango ya mbele ni vile vile. Gari la kwanza kiwanda hulipa namba 78, la pili 79. Kuanzia mgongoni mwa dereva kurudi nyuma, kila moja lina maisha yake.

Kujenga magari mawili juu ya msingi mmoja ni desturi ya viwanda vyote vikubwa. Goma mjini mfano upo kila kona: Harrier na RAV4. Harrier ya kwanza, ya mwaka 1997, ilitokana na Camry, gari la chini la familia. Tangu mwaka 2013 imehamia kwenye msingi wa RAV4, na kwa Harrier iliyoanza mwaka 2020 na RAV4 ya wakati huo hata umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni sawa kwa zote mbili: milimita 2,690. Anayenunua Harrier analipia umbo, viti na utulivu wa ndani. Chini yake mna RAV4. Ushirika huo humfaidi kwanza mtengenezaji, kwa sababu anachora sakafu mara moja, kisha anaiuza kwa majina mawili na bei mbili.

Lakini Harrier na RAV4 hazina chesisi. Bodi yenyewe imekunjwa na kuchomelewa ili ibebe kila kitu. Kwenye lami huo ni ufundi mzuri sana: gari huwa jepesi, hutulia konani, halinywi mafuta mengi. Ukivuka Sake na kuanza kupanda Mushaki msimu wa mvua, mambo hugeuka. Malori yamechimba mifereji miwili kwenye udongo wa mfinyanzi, na mifereji hiyo imeachana kuliko tairi za gari dogo zinavyoachana. Dereva analazimika kuliweka gurudumu la upande mmoja ndani ya mfereji na la upande mwingine juu ya tuta. Gari linajipinda namna hiyo kilomita baada ya kilomita, na bodi inayojibeba yenyewe huanza kulia milangoni, kisha kwenye kioo cha mbele, kisha pale springi zinapofungwa.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 imejengwa kwa njia ya zamani. Chini kuna boriti mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama, na bodi imewekwa juu yake kwa boliti zenye mpira katikati. Njia ikijipinda, chesisi hujipinda kidogo, mpira hunyonya mkunjo huo, na bodi hubaki ilivyo. Mfululizo huu ulianza kuuzwa Novemba 1984 kuchukua nafasi ya ule wa 40, nao bado unatengenezwa Japani. Ni magari machache sana duniani yaliyoendelea kuuzwa mapya kwa miaka zaidi ya 40 huku mtu akiyatambua kwa umbo lile lile.

Hapo mwanzo ndugu hawa wawili hawakuwa na namba tofauti. Lenye bodi ndefu iliyofunikwa na lile la pikapu yote yaliitwa 75, na yote yalikuwa na milimita 2,980 kati ya ekseli na ekseli. Mwaka 1999 Toyota ikayafanyia kazi kubwa. Springi za mbele, ambazo zilikuwa za pleti kama za nyuma, zikabadilishwa zikawa za koili. Lenye bodi likaitwa 78 na kubaki na vipimo vyake. Pikapu ikaitwa 79 na kuongezewa sentimita 20, ikafika milimita 3,180.

Sentimita 20 ni urefu wa kalamu na kidogo zaidi. Dereva wa Masisi huziona mara mbili kila saa. Mara ya kwanza ni kwenye kona za kurudi nyuma pale mlimani: 79 inahitaji karibu mita moja zaidi ya nafasi ili igeuke mzunguko mzima, na mahali ambapo kando moja ni ukuta wa udongo na nyingine ni bonde, mita hiyo haipo. Dereva wa 78 anapita kwa mkato mmoja. Wa 79 anasimama, anarudi nyuma kidogo huku kijana ameweka jiwe nyuma ya tairi, ndipo amalizie. Mara ya pili ni kwenye vichuguu na matuta makali: kadiri ekseli zinavyoachana, ndivyo tumbo la gari linavyokuwa karibu kugusa.

Kwa nini basi kiwanda kiliirefusha pikapu? Kwa sababu ya mzigo. Kwenye 75 ya zamani sehemu kubwa ya sanduku la mizigo ilikaa nyuma ya ekseli, na uzito unaokaa hapo hunyanyua pua ya gari, tairi za mbele zikapoteza mshiko na usukani ukawa mwepesi kwa namna ya hatari. Ekseli ilipovutwa nyuma, mzigo wa tani moja hivi ukakaa mahali pake. Kwa mfanyabiashara anayetoa viazi na jibini Masisi, au mafuta ya mawese Walikale, ni biashara nzuri: anapoteza kona, anapata mzigo uliotulia.

Injini inayoyasukuma yote mawili katika sehemu hizi ni ile inayoitwa 1HZ. Ilitoka mwaka 1990. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 4.2, inatumia mazutu, haina turbo, na hakuna kompyuta inayoamua mafuta yaingie lini. Kazi hiyo inafanywa na pampu ya chuma inayozungushwa na injini yenyewe. Nguvu zake ni farasi 130 hivi, ambazo leo hii hata gari dogo la mjini lenye turbo huzifikia. Tena zinapungua njiani. Kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari uzito wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa pwani, na injini isiyo na turbo huvuta hewa kama ilivyoikuta. Kwenye vilima vya juu vya Masisi, basi, dereva anabakiwa na farasi mia moja na kitu, kwa gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili kabla halijapakiwa chochote. Ndiyo maana yanapanda polepole, yakitoa moshi mweusi: mafuta yanaingia ya kutosha, hewa ya kuyachoma haitoshi.

Kinachoifanya injini hiyo ipendwe hakimo kwenye nguvu. Mazutu ya Walikale husafiri kwenye mapipa na mabidoni, humiminwa kwa faneli, hulala kwenye baraza, na njiani hupata maji na mchanga. Injini mpya za dizeli hunyunyiza mafuta kwa mgandamizo mkubwa mno kupitia vitundu vidogo sana, na chembe moja ya uchafu huua nozeli ya bei kubwa. 1HZ nayo huumia kwa mafuta machafu, ila huumia taratibu na kwa dalili. Fundi hufungua chujio, humwaga maji, husafisha, gari likawaka. Kwa upande wa torki, ile nguvu ya kuzungusha inayolitoa gari matopeni, inafika kilele kwenye mizunguko 2,200 tu kwa dakika, mahali ambapo dereva aliyetia gia nzito yupo muda wote.

Sasa turudi nyuma ya dereva. Kwenye 78 kuna bodi ndefu yenye paa na milango miwili ya nyuma inayofunguka kushoto na kulia. Ikiwa na mabenchi mawili yanayotazamana, hubeba watu 13: watatu mbele, kumi nyuma. Ukiondoa benchi moja, machela huingia, na hapo ndipo 78 inapokuwa gari la wagonjwa. Médecins Sans Frontières, ambao wamekuwa wakifanya kazi Masisi tangu 2007, wanajulikana na kila mtoto wa kule kwa Land Cruiser zao nyeupe. Bodi ile ile imefanyiwa kazi nyingine pia: Machi 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha Land Cruiser 78 yenye friji ya chanjo ya lita 396 ndani yake, na likawa gari la kwanza la aina hiyo kupata kibali chake.

Hapa nina jambo linaloniuma. Springi za nyuma za magari haya yote mawili ni za pleti, yale mabamba marefu ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine. Springi hizo hupangwa kwa ajili ya mzigo mzito. Zikibeba tani, hujikunja na kunyooka kwa upole. Zikibeba mgonjwa mmoja, muuguzi mmoja na ndugu wawili, zinakuwa ngumu kama hazina kazi, na kila jiwe la njiani linafika moja kwa moja kwenye machela. Mama mwenye uchungu wa kuzaa ambaye tayari ameteremshwa kilimani kwa tipoyi, mabegani mwa wanaume wanne, akifika kwenye gari hapati nafuu, anapata mrukaruko. Mjini tungesema gari limemwokoa, na ni kweli, lakini saa zile za katikati ni za mateso. Zipo springi laini zaidi zinazoweza kufungwa, na hata kupunguza upepo wa tairi za nyuma husaidia. Kila anayenunua 78 kwa ajili ya wagonjwa angepaswa kuagiza springi za kubeba watu, asipokee zile za kubeba saruji. Na huduma ya wajawazito kusubiri karibu na hospitali wiki za mwisho, iliyofanywa Masisi, ni tiba bora kuliko springi yoyote.

Pikapu ina udhaifu ulio kinyume. Ikienda tupu, mkia wake ni mwepesi, na kwenye utelezi wa mfinyanzi hupenda kuja mbele. Ikipakiwa hutulia, lakini watu wanaokaa juu ya mzigo hawana mkanda wala paa. Tena sanduku lililo wazi huwavutia wenye silaha. Mwaka 1987 jeshi la Chad liliwashinda Walibya likitumia pikapu za Toyota, vita ambavyo vimebaki na jina la gari hilo hadi leo, na tangu hapo hakuna kundi linalopigana lisiloitamani. Masisi, ambako mji mkuu wa teritwari ulitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, na Walikale, iliyofikiwa Machi mwaka huo, mwenye pikapu nzuri hulala na wasiwasi ambao mwenye RAV4 haujui.

Uzuri mkubwa wa kufanana kwa 78 na 79 huonekana gari linapokufa. Walikale ni nchi ya msitu na madaraja ya magogo; ilikuwa taabu kufikika kiasi kwamba kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, kwenye njia ya kwenda Kisangani, kupakia kasiteriti, yaani madini ya bati, iliyobebwa mgongoni kutoka mgodi wa Bisie. Mahali kama hapo spea haiagizwi leo ikafika kesho. Spea ni gari jingine lililolala. 79 iliyoanguka bondeni hutoa pampu ya mafuta, na pampu hiyo hufunga kwenye 78 ya kituo cha afya bila kubadilisha boliti. Alternata, diski ya klachi, sanduku la usukani, rejeta, gia nzito, kitovu cha gurudumu la mbele, vyote hupita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Visivyopita ni vile vilivyogeuzwa na zile sentimita 20: shafti ya nyuma, mabomba ya breki yanayokwenda nyuma, chesisi yenyewe. Faida ya msingi mmoja, ambayo kwa Harrier na RAV4 hubaki zaidi kiwandani, huku imemfikia kijana mwenye spana chini ya mti.

Mwaka 2023 Toyota ilionyesha sura mpya ya mfululizo huu, yenye taa za duara kama za zamani na, kwa baadhi ya masoko, injini ya lita 2.8 yenye turbo na giaboksi ya otomatiki. Ni injini bora kwa vipimo vingi: farasi 204, torki mita-nyutoni 500, moshi kidogo, na milima ya Masisi haiinyang'anyi pumzi. Hata hivyo inataka mazutu safi na mashine ya kusoma hitilafu, na hakuna kifaa chake kikuu kinachofunga kwenye 1HZ. Wanaoagiza magari ya afya kwa ajili ya Kivu bado wanaweza kuchagua injini ya zamani, nami ningewasihi waichague, na wachague aina moja ya injini kwa 78 zote na 79 zote za eneo moja, mpaka siku mafuta yanayofika Walikale yatakapokuwa safi kama yanayouzwa Goma.