Koti la Uganda Lisikilizalo Mapafu

Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilitaja Waafrika waliokuwa wakiwania tuzo yake ya uhandisi ya mwaka 2017. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa nchi jirani ya Uganda, Brian Turyabagye, mhandisi wa mawasiliano. Alichokipeleka hakikuwa mtambo mkubwa, bali koti dogo la mtoto liitwalo Mama-Ope, yaani tumaini la mama. Koti hilo husikiliza mapafu ya mwenye kulivaa, kisha hupeleka habari zake kwenye simu ya mkononi pasipo waya.

Asili yake ni msiba. Mwenzake katika kazi hiyo, Olivia Koburongo, alikuwa na bibi yake aliyeugua, akahamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, na ilipotambulikana kwamba maradhi ni nimonia, wakati ulikuwa umekwisha kupita. Makosa ya namna hiyo si mageni Afrika Mashariki. Homa na pumzi za haraka huweza kuwa malaria, na huweza kuwa nimonia. Mgonjwa anayemeza dawa za malaria hali mapafu yake yanaungua hupoteza siku asizokuwa nazo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wa umri chini ya miaka 5.

Kipimo cha zahanati ni kuhesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye kikohozi, akipumua mara 50 au zaidi, hushukiwa kuwa na nimonia. Wa mwaka 1 hadi 5, mara 40 au zaidi. Kulisema ni rahisi. Lakini mtoto hulia, hujinyonganyonga, hushika ziwa, na mwuguzi mwenye foleni mlangoni hupotewa na hesabu akaanza upya, au akakisia. Koti lilibuniwa ili liondoe kukisia huko: ndani yake mmeshonewa vifaa vidogo vya kupima joto, kufuata mwendo wa pumzi na kunasa sauti za mapafu.

Fikra ya kumvisha mtu chombo cha redio ni ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Norman Holter wa Marekani, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alilifanyia kazi jeshi la majini, alirusha hewani mapigo ya moyo wa mtu aliyekuwa akijongea. Mitambo ilibebwa mgongoni, na uzito wake ulikuwa kilo 38 hivi. Askari aliyepata kwenda mwendo mrefu na shehena kamili hahitaji kuambiwa kama huo ni mzigo wa mgonjwa wa moyo.

Uzito umeondoka, shida zimebaki. Nguo husugua ngozi, na msuguo huo hufanana na mkoromo wa pafu. Kilio cha mtoto hufunika sauti inayotafutwa. Halafu kuna betri. Mwenye kushika simu ya upepo anajua kwamba kurusha hula betri kuliko kusikiliza. Hivyo koti hutumia mawimbi ya masafa mafupi yaitwayo Bluetooth, yatoshayo kufika kwenye simu iliyo karibu, na simu ndiyo hufanya kazi ya kulinganisha na kukadiria ukali wa ugonjwa.

Hapo ndipo pa kuangaliwa kwa makini. Mwaka 2016 tuzo hiyo hiyo ilichukuliwa na Arthur Zang wa Kamerun kwa chombo chake cha Cardio-Pad. Hicho huchukua mwenendo wa moyo wa mgonjwa aliye mbali, kikaupeleka kwa njia ya mtandao wa simu hadi kwa bingwa wa moyo mjini, naye bingwa ndiye hutoa jibu. Katika koti la Uganda jibu la kwanza hutolewa na simu yenyewe. Waliolibuni walisema linatambua nimonia mara 3 hadi 4 upesi kuliko daktari, na wakakiri kuwa wakati huo lilikuwa bado kielelezo tu. Upesi ni jambo jema, lakini mlinzi mwepesi wa kupiga king'ora anaweza pia kukipiga bure. Chombo kikisema nimonia pasipo nimonia, dawa hupotea. Kikinyamaza penye nimonia, mtoto hufa.

Kwa sababu hiyo koti la aina hii hapana budi lijaribiwe kwa watoto wengi, majibu yake yakilinganishwa na ya madaktari na ya picha za kifua, kabla halijakabidhiwa matabibu wa vituo vya mipakani. Na siku litakapokabidhiwa, likatamka nimonia saa nane za usiku, itatakiwa katika kabati la kituo hicho iwemo amoksilini.