Ada, Deni na Mshahara: Chuo Kipi Kinalipa?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, wazazi wa Nyanda za Juu Kusini huanza kupekua ada. Iringa wana Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri na kile Katoliki cha Ruaha, RUCU. Mbeya wana Teofilo Kisanji, TEKU, cha Wamoraviani. Chuo kimoja kikiwa nafuu kwa laki mbili, mjadala huishia hapo. Unaisha mapema mno.

Ada ni mstari wa kwanza tu wa fomu. Chini yake kuna usajili, mitihani, bima ya afya na sh 20,000 za Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) za udhibiti ubora. Asiyepata hosteli hupanga geto, na baridi ya Mbeya mwezi Juni inadai blanketi zito. Boom, yaani posho ya mkopo ya sh 10,000 kwa siku, huyeyukia humo, nayo ni sehemu ya deni.

Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Chukulia mhitimu anadaiwa sh milioni 10 na analipwa sh 800,000: kila mwezi zinatoka sh 120,000, na deni linaisha baada ya karibu miaka saba. Zamani ingechukua muda mrefu zaidi. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta Mei Mosi 2021, ingeongeza sh 600,000 mwaka wa kwanza, wakati makato ya mwaka mzima ni sh 1,440,000.

Na mshahara wenyewe? Kwa ualimu serikalini, jina la chuo halina bei. Mwenye shahada kutoka TEKU na mwenzake wa Mkwawa, chuo cha umma kilichopo Iringa, huanzia ngazi moja. Kinachotofautisha ni somo: mwalimu wa fizikia ana nafasi kubwa zaidi ya kuitwa kazini kuliko wa historia. Anayelipa zaidi kwa ajili ya jina ananunua kitu ambacho Hazina haikilipii.

Sheria ina hesabu yake. RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa vyote huifundisha, lakini anayetaka uwakili bado ana Shule ya Sheria jijini Dar es Salaam, yenye ada nyingine na pango jingine.

Hesabu kama hizi zinaweza kuwekwa wazi: Marekani, tangu 2015, serikali huchapisha gharama, madeni na vipato vya wahitimu chuo kwa chuo. Tanzania malighafi ipo tayari. Makato yakiwa sh 120,000, mshahara umeshajulikana, na Bodi inajua mkopaji alisoma wapi, kozi gani, kwa deni kiasi gani. Kilichobaki ni kutoa jedwali la wastani wa kila kozi bila majina ya watu. Jedwali hilo lingekuwa na tundu moja kubwa: mhitimu anayelima parachichi Rungwe hana mwajiri wa kumkata, na mapato yake yasingeonekana humo.