Kodi katika nyakati za Biblia, na sisi tunaolipa leo



Katika vikundi vyetu vya kujifunza Biblia kuna swali moja linalorudi mara kwa mara, hasa kwa wamama wanaouza sokoni na kwa wale wanaosafirisha mizigo: je, Mkristo analazimika kulipa kodi hata kama haoni barabara ikitengenezwa wala dawa kwenye kituo cha afya? Wengine hutaja Warumi 13 na kufunga mazungumzo. Wengine husema kwamba aliyekwisha kutoa zaka kanisani hana deni kwa serikali. Majibu hayo mawili hayatoshi. Biblia inasema mengi juu ya kodi, tena inataja watu, kiasi na mahali. Tuipitie pamoja.

Farao, Sulemani na Nehemia

Kodi ya kwanza inayoelezwa kwa urefu ni ile ya Yosefu kule Misri (Mwanzo 47). Wakulima walipaswa kumpa Farao sehemu ya tano ya mavuno, yaani magunia 20 katika kila magunia 100. Mashamba ya makuhani wa Misri hayakutozwa. Watu walimshukuru Yosefu kwa sababu aliwaokoa na njaa. Lakini tusiruke jambo lililotangulia: kufikia siku hiyo walikuwa wamekwisha kuuza mifugo yao, mashamba yao na hata miili yao. Kodi ile ilikuja pamoja na utumwa.

Israeli walipotaka mfalme, Samweli aliwaonya mapema (1 Samweli 8). Mfalme angechukua sehemu ya kumi ya nafaka, ya mizabibu na ya kondoo, na angewachukua vijana wao wamtumikie. Onyo hilo lilitimia. Sulemani aliweka wasimamizi 12, kila mmoja akitafuta chakula cha nyumba ya mfalme kwa mwezi mmoja wa mwaka (1 Wafalme 4). Tena alitoza kodi ya mikono: watu 30,000, ambao 10,000 walikwenda Lebanoni kila mwezi kwa zamu (1 Wafalme 5). Sisi tunajua salongo, asubuhi moja ya kusafisha mtaa na kurudi nyumbani. Ile ya Sulemani ilimwondoa mtu shambani mwake mwezi mmoja katika kila miezi mitatu.

Baada ya kifo chake watu walimwomba mwanawe Rehoboamu awapunguzie mzigo. Wazee walimshauri awasikilize, naye akafuata vijana wenzake na kutisha kuongeza mzigo. Kisha akamtuma Adoramu, msimamizi wa kazi za lazima, na watu wakampiga kwa mawe mpaka akafa. Makabila kumi yakajitenga (1 Wafalme 12). Kodi isiyo na huruma ilipasua taifa la Mungu, na mpasuko huo haukupona.

Miaka mingi baadaye Wayahudi walikuwa chini ya Waajemi. Katika Nehemia 5 tunasikia kilio cha watu waliokopa fedha kwa kuweka rehani mashamba yao ili walipe kodi ya mfalme, wengine mpaka kuwatoa watoto wao utumwani. Nehemia hakuwa na uwezo wa kuifuta kodi ya Uajemi. Alifanya yale yaliyokuwa mikononi mwake. Aliwakemea matajiri Wayahudi waliokuwa wakiwatoza ndugu zao riba, nao wakarudisha mashamba. Yeye mwenyewe, kwa miaka 12 ya uliwali wake, hakula posho ya liwali, ingawa waliomtangulia walichukua chakula, divai na shekeli 40 za fedha. Alisema kwamba alimcha Mungu.

Nusu shekeli na zaka

Mbali na kodi ya wafalme, kulikuwa na mchango wa mahali patakatifu. Kutoka 30 inaagiza kila mwanamume wa miaka 20 na zaidi atoe nusu shekeli. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze, kwa kuwa mbele za Mungu nafsi zao zina thamani moja. Zaka ilikuwa jambo lingine: iliwalisha Walawi wasiokuwa na urithi wa ardhi (Hesabu 18), na kila mwaka wa tatu iliwekwa kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu 14). Kwa hiyo Mwisraeli mmoja aliweza kutoa zaka, kutoa nusu shekeli na kulipa kodi ya mfalme. Moja haikufuta nyingine.

Yesu mwenyewe alitozwa mchango huo wa hekalu kule Kapernaumu (Mathayo 17). Alimweleza Petro kwamba wana wa mfalme hawadaiwi kodi nyumbani mwa baba yao, lakini akalipa ili asiwakwaze watu. Sarafu iliyopatikana kinywani mwa samaki ilitosha watu wawili. Alikuwa huru, akautumia uhuru wake kwa ajili ya amani. Na hekalu lilipobomolewa mwaka 70, Kaisari Vespasiano aliamuru Wayahudi waendelee kulipa fedha hiyo, ila sasa kwa ajili ya hekalu la mungu Jupita kule Roma. Tukikumbuka hilo tunaelewa jinsi kodi ilivyoweza kugusa imani ya mtu.

Watoza ushuru wa Kirumi

Warumi chini ya Pompeyo waliuteka Yerusalemu mwaka 63 kabla ya Kristo. Mwaka wa 6 baada ya Kristo waliiweka Uyahudi chini ya liwali wao na kuhesabu watu na mali ili watoze kodi. Yuda Mgalilaya aliongoza uasi akisema kwamba Mungu peke yake ndiye Bwana. Anatajwa katika Matendo 5:37. Uasi ulizimwa, lakini swali lake lilibaki mioyoni mwa watu.

Kodi zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na kodi ya ardhi na ya kichwa, na kulikuwa na ushuru wa bidhaa uliotozwa njiani, bandarini na kwenye malango ya miji. Ushuru huu mara nyingi ulikodishwa: mtu aliahidi kiasi fulani kwa watawala, kisha akajitafutia faida yake kwa wapitao. Hapo ndipo wizi ulipoingia. Mathayo alikaa forodhani Kapernaumu, katika eneo la Herode Antipa. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru Yeriko, mji ulio kwenye njia ya kutoka Yordani kupanda Yerusalemu. Watu waliwachukia kwa mambo mawili: walizidisha kiasi, tena walishirikiana na wageni waliotawala.

Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kile kilichoamriwa. Askari nao aliwaambia wasimdhulumu mtu na waridhike na mshahara wao (Luka 3). Mathayo aliitwa akaiacha meza yake. Zakayo hatuambiwi kwamba aliacha kazi. Tunaambiwa kwamba alitoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu (Luka 19). Mara nne ni adhabu ambayo sheria ya Musa ilimpa mwizi wa kondoo (Kutoka 22:1). Zakayo alijihukumu mwenyewe kama mwizi, na siku hiyohiyo wokovu ukaingia nyumbani mwake.

Dinari mkononi mwa wauliza swali

Mafarisayo na wafuasi wa Herode walimwuliza Yesu kama ni halali kumpa Kaisari kodi (Mathayo 22). Akisema ndiyo, watu wangemwona msaliti. Akisema hapana, angeshitakiwa kwa liwali. Yesu aliomba aonyeshwe sarafu ya kodi, nao wakamletea dinari, fedha iliyokuwa kama mshahara wa kibarua wa siku moja. Dinari ya Tiberio ilikuwa na sura yake na maandishi yaliyomwita mwana wa Augusto aliyefanywa mungu.

Wenye kuuliza walikuwa nayo tayari. Walikuwa wakinunua na kuuza kwa fedha ya Kaisari. Basi wamrudishie kilicho chake. Lakini Yesu hakuishia hapo: kilicho cha Mungu arudishiwe Mungu. Sarafu ina sura ya Kaisari. Mwanadamu ana sura ya nani? Mwanzo 1:27 inatujibu. Kaisari anaweza kudai sarafu. Hawezi kudai ibada, wala dhamiri, wala kumtendea mtu kama kitu chake. Hata hivyo, mbele ya Pilato Yesu alishitakiwa kwamba alikataza watu kulipa kodi (Luka 23:2). Ulikuwa uongo.

Mtume Paulo aliandika Warumi 13 karibu mwaka 57, Nero akiwa mtawala. Mwandishi Mrumi Tasito anasimulia kwamba mwaka 58 malalamiko ya watu juu ya watoza ushuru yalimfikia Nero. Kwa hiyo Paulo aliwaandikia watu waliokuwa wakiumia kweli. Anasema: mwenye haki ya kodi apewe kodi, mwenye haki ya ushuru apewe ushuru. Lakini anasema pia kwamba mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Sura hiyo inampima mlipaji, na inampima mtozaji vilevile.

Kwetu leo

Katika nchi yetu neno kodi lina historia nzito. Wakati wa Leopold II babu zetu walitozwa kwa kazi na kwa mpira wa msituni. Amri ya mwaka 1903 ilisema saa 40 za kazi kwa mwezi, na katika sehemu nyingi zilizidi sana. Chini ya Wabelgiji ikafuata kodi ya kichwa kwa pesa. Mzee akishtuka kusikia neno hilo, tumwelewe. Hata hivyo tunaona mambo manne yaliyo wazi.

Kwanza, kodi iliyowekwa na sheria, inayolipwa mahali pake na kutolewa risiti, ni deni. Kuficha bidhaa au kuandika bei ya uongo ni kusema uongo mbele za Mungu, na zaka haiwezi kuufunika.

Pili, pesa inayodaiwa kwenye bariera kwa kutishwa, bila sheria na bila risiti, siyo ile ambayo Paulo anaisema. Mama aliyetoa franka zake ili apite salama na mzigo wake hakutenda dhambi, ameibiwa. Asibebeshwe hatia juu ya hasara.

Tatu, wapo kati yetu wanaofanya kazi forodhani, komine na sokoni. Neno la Yohana ni lao: wasizidishe. Na kanisa lisipokee kwa makofi sadaka kubwa ya mtu ambaye wenye kudhulumiwa naye wako kwenye mabenchi ya nyuma. Tumfundishe kwanza njia ya Zakayo.

Nne, kanisa lenyewe lisiwe bariera. Sadaka hutolewa kwa moyo, si kwa kulazimishwa (2 Wakorintho 9). Mweka hazina asome hesabu mbele ya washiriki wote. Tukidai serikali iwe wazi huku daftari letu limefungwa, nani atatusikia?

Tukifanya hivyo tutaweza kwenda kwa wenye mamlaka kwa heshima na bila woga, kama watu waliokwenda kwa Rehoboamu, na kuwauliza kodi yetu imefanya nini. Na tuwaombee wapate moyo wa Nehemia, aliyekuwa na haki ya kula akaamua kutokula, kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito juu ya watu.

Bwana awabariki.