Desi: Neno Moja, Thamani Nyingi

Miongoni mwa majina ambayo watu wenye asili ya Bara Hindi hujiitia popote walipo, ni machache yaliyobeba maana zinazopingana kama neno Desi. Kinywani mwa mpishi ni sifa ya chakula safi. Kinywani mwa kijana wa mjini ni tusi kwa mwenziwe aliyetoka shamba. Kwa mwanafunzi aliyezaliwa Uingereza au Marekani ni jina la udugu, linalomkutanisha na wenziwe ambao wazee wao walitenganishwa na mipaka na vita. Na kwa watu wengine, wasiokuwa na nasaba yoyote na Bara Hindi, ni jina la mtu tu. Azma ya makala haya ni kueleza jinsi maana hizo zilivyozaliwa, na kudhihirisha kanuni inayozifunga pamoja: kwamba neno hili halisimami peke yake, bali hupata thamani yake kutokana na kile kinachowekwa mbele yake kulinganishwa nalo.

Asili yake ni Kisanskriti, ambamo desha ni mahali, jimbo au nchi, na kilicho cha nchi hiyo ni deshi. Wabengali na Wagujarati wameihifadhi sauti ya “sh”, hali wasemaji wa Kipunjabi, Kihindi na Kiurdu hutamka “s”. Shina hilo limo katika jina la Bangladesh, nchi iliyojitangazia uhuru mwaka 1971, na katika neno pardesi, yaani mgeni, au mtu aliye ughaibuni. Tangu kale wanavyuoni walilitumia kupambanua mambo ya wenyeji na mambo ya wasomi. Katika karne ya 12 Hemachandra, mwanachuoni mashuhuri wa dini ya Kijaini huko Gujarat, alitunga kamusi iitwayo Deshinamamala, akakusanya ndani yake maneno ambayo watu waliyatumia lakini sarufi ya Kisanskriti haikuweza kuyapatia nasaba. Hali kadhalika katika elimu ya muziki, nyimbo za majimbo ziliitwa deshi ili zitengwe na zile zilizofuata kanuni tukufu za kale, zilizoitwa marga. Hapo neno halikuwa tusi. Lilikuwa istilahi ya wataalamu.

Kilichoitia istilahi hiyo unyonge ni utawala wa Waingereza. Wahindi walikuja kuiita Uingereza Vilayat, kutokana na neno la Kiarabu wilaya, ambalo ndilo lililokipa Kiswahili jina Ulaya. Na kila kilichoshuka melini kutoka huko kikawa vilayati. Basi soko likagawanyika pande mbili, na pamoja na soko, heshima. Nguo ya vilayati ikawa ya fahari, ya desi ikawa ya maskini. Ulevi wa vilayati ukawa wa wakubwa, na desi daru, pombe ya kienyeji, ikawa ya makuli na wakulima. Hata leo bastola iliyofuliwa kwa siri na mhunzi asiye na leseni huitwa desi katta, na mtu akiambiwa desi kwa ajili ya mavazi yake au matamshi yake ya Kiingereza, aghalabu maana yake ni mshamba.

Dharau hiyo ilipata jibu mwaka 1905, Lord Curzon, mtawala wa Kiingereza wa India, alipoigawa Bengali sehemu mbili. Wananchi walikasirika, wakaanzisha harakati walizoziita swadeshi, maana yake ya nchi yetu wenyewe. Wakasusia nguo za viwanda vya Uingereza, na penginepo wakazichoma moto hadharani. Mahatma Gandhi naye baadaye akaifanya khadi, nguo iliyosokotwa na kufumwa kwa mkono, kuwa vazi la kudai uhuru. Ile desi iliyokuwa aibu ya maskini ikageuka kuwa kiapo cha taifa.

Mageuzi ya namna hiyo yameingia hata jikoni. Siku hizi katika miji ya India na Pakistan, desi ghee ni samli halisi ya maziwa, isiyo mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani. Na desi murgi ni kuku aliyelelewa uani, ambaye mnunuzi humlipia zaidi kuliko yule wa banda la biashara. Msomaji wetu hahitaji mkalimani hapa, kwa kuwa neno letu kienyeji limepita njia ile ile: lilidharauliwa katika pombe, likaja kutukuzwa katika kuku na mboga. Wataalamu wa kilimo nao hugawa dengu mafungu mawili, kabuli, zilizo kubwa na nyeupe, na desi, zilizo ndogo na za rangi iliyoiva, nazo ndizo zinazolimwa kwa wingi katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania. Vilayati nayo, kwa upande wake, imepoteza sehemu ya adhama yake: ule mti uitwao mathenge huko Baringo nchini Kenya, unaolaumiwa na wafugaji kwa kuvamia malisho, huko India Kaskazini huitwa vilayati kikar, mgunga wa Ulaya, ijapokuwa asili yake ni Amerika.

Maana ya udugu ilistawi ughaibuni. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1965 ilipofungua mlango kwa madaktari, wahandisi na wanafunzi wa Bara Hindi, mtoto wa Lahore, Pakistan, na mtoto wa Delhi, India, walijikuta katika darasa moja, wakila vyakula vinavyofanana na kuimba nyimbo za filamu zile zile, huku mataifa ya wazee wao yakiwa yametengana tangu mwaka 1947. Walihitaji jina lisilo la taifa wala la dini, na Desi likawafaa. Hata hivyo, ndani ya udugu huo mlizuka kejeli. Herufi nne za mwanzo za Kiingereza, ABCD, zilifanywa kifupisho cha maneno yenye maana ya Desi aliyezaliwa Marekani na kuchanganyikiwa; na mzaliwa wa Marekani akajibu kwa kumwita mgeni FOB, yaani aliyeshuka melini sasa hivi. Isitoshe, si wote walio radhi na jina hili. Asili yake ni lugha za kaskazini, na Watamil wana neno lao, nattu, kwa kitu cha nchi. Kwa hiyo wapo wa kusini, wa Sri Lanka na wa Nepal wanaohisi kwamba wameingizwa katika nyumba ambayo hawakushauriwa ilipojengwa.

Ama jina la watu ni jambo jingine kabisa. Desi Arnaz, mwanamuziki na mwigizaji aliyezaliwa Kuba mwaka 1917, aliitwa Desiderio, jina lenye asili ya Kilatini. Desi Bouterse, aliyekuwa rais wa Suriname tangu 2010 hata 2020, aliitwa Desiré. Na wasichana wengi wa Indonesia huitwa Desi kwa kuwa wamezaliwa Desemba. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa nasaba, na mwenye kukisia asili ya mtu kwa jina pekee atapotoka.

Kwetu Afrika ya Mashariki neno hili halikuenea. Sisi husema Mhindi, na mara nyingi tumemwita hivyo hata mtu ambaye wazee wake walitoka upande wa Pakistan. Tukasema Baniani, kutokana na vaniya, tabaka la wafanyabiashara wa Gujarat. Tukasema pia Kalasinga, kwa mfuasi wa dini ya Sikh. Majina haya, kama Desi, hupanda na kushuka thamani kwa sauti ya msemaji na nia yake. Kwa hiyo nawasihi wasomaji, hasa waandishi wa habari na walimu, walitumie Desi pale ambapo wenyewe wamelipokea, walikwepe pale linapokusudiwa kumshusha mtu, na kila wanapotia shaka wamwulize mhusika anavyopenda kuitwa. Kwa maana kila mtu ana haki ya kuchagua jina atakaloitwa.