Kipande Kabla ya Sweta

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie kisa cha msichana wa Njombe aliyetaka kumfumia mdogo wake sweta kabla baridi ya Juni haijakaza. Maelekezo aliyapata katika kitabu kilichotoka Marekani, lakini uzi uliotajwa humo haukupatikana duka lolote la mjini. Muuza duka akamwekea mezani uzi wa akriliki, mwekundu, laini. "Chukua huu, mwanangu," akamwambia, "nyuzi zote ni zile zile."

Si kweli. Nyuzi hutofautiana unene, uzito na mvuto, na tofauti ndogo ya unene inatosha kuharibu kazi ya mwezi mzima.

Maelekezo yalisema: anzisha vitanzi 140, upate sweta lenye mzunguko wa sentimita 70 kifuani. Wafumaji wengi wachanga huishika ile 140 kama amri. Msichana wetu alikuwa na macho makali zaidi. Juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, aliona maneno mengine: vitanzi 20 kwa sentimita 10. Hapo ndipo 140 ilipozaliwa. Ndani ya 70 mna kumi saba, na saba mara 20 ni 140. Ile 20 ikibadilika, 140 haina kazi tena.

Basi akafuma kipande cha kujaribia. Alianzisha vitanzi 36, akafuma mpaka kipande kikawa cha mraba, akakiosha kwa maji na sabuni kama sweta litakavyooshwa, akakilaza juu ya taulo bila kukivuta, akasubiri kikauke. Kukiosha si urembo. Kuna sufu inayotanuka ikilowa, na pamba huwa nzito ikanyooka kwenda chini, kwa hiyo kipimo kinachochukuliwa kabla ya kuosha ni cha nguo nyingine kabisa. Kilipokauka akalaza futikamba katikati, mbali na kingo kwa sababu kingo hujikunja na kudanganya, akaanza kuhesabu. Vitanzi vilivyofumwa kwa mtindo wa kawaida huonekana upande wa mbele kama herufi V zilizopangwa bega kwa bega. Akahesabu V moja moja kwa ncha ya sindano, na pale penye nusu akaiandika nusu. Sentimita 10 zilibeba V 24.

Sasa pigeni hesabu pamoja naye. Vitanzi 140 vikikaa 24 katika kila sentimita 10, sweta lina sentimita 58 na kidogo. Kifua cha mdogo wake peke yake, bila shati, kina 64. Mtoto angekwama mikono juu, sweta limemfunika uso.

Msidhani ni tofauti kubwa tu inayodhuru. Mtu mzima anayetaka sweta la sentimita 100 kwa vitanzi 20, mkono wake ukitoa 21, atapoteza karibu sentimita tano. Kitanzi kimoja tu!

Sababu moja ya msichana wetu kupata 24 badala ya 20 ilikuwa sindano. Kitabu kilitaka namba 8, naye alikuwa na namba 8 za bibi yake. Lakini namba 8 ya Marekani ni milimita 5, na namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4. Isitoshe, zile za Uingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, na za Marekani namba ikipanda sindano inanenepa. Ulizeni milimita siku zote.

Angeweza kuchukua sindano nene zaidi, na kama angekuwa amekosea kwa kitanzi kimoja au viwili, ningemshauri hivyo. Vitanzi vikizidi, ongeza unene wa sindano, vikipungua, punguza. Lakini kuulazimisha uzi mwembamba utoke 24 hadi 20 huzaa kitambaa kilicholegea, upepo unapita, viwiko vinaning'inia. Kwa sweta la Njombe hilo halifai. Njia nyingine ni kushika nyuzi mbili pamoja: nyuzi mbili nyembamba za soksi zikifumwa kama uzi mmoja huweza kukaribia vitanzi 20. Uzi wake yeye ukifanywa miwili ungezidi unene.

Akachagua hesabu. Sentimita 70, vitanzi 24 kwa kila 10: vitanzi 168.

Mwalimu mkubwa wa hesabu hii ni Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kuishi miaka mingi Wisconsin, Marekani. Kitabu chake Knitting Without Tears kilitoka mwaka 1971. Aliwafundisha wafumaji kuzidisha kipimo cha mkono wao kwa upana wa kifua, kisha kupata sehemu nyingine kwa asilimia ya namba hiyo: mwisho wa mkono karibu asilimia 20, shingo karibu 40. Kwa 168, mwisho wa mkono ni kama vitanzi 34. Nampenda kwa sababu aliwapa watu uhuru wa kutumia uzi wowote walio nao.

Kuna njia ya mkato pia. Kama kitabu kina saizi kubwa yenye vitanzi karibu 168, fuata vitanzi vya saizi hiyo, lakini urefu uchukue wa saizi ya mtoto wako.

Na dukani, msinunue uzi kwa gramu. Kitabu kikitaka madonge 10 yenye mita 100 kila moja, hizo ni mita 1,000. Donge lako likiwa na mita 140, nunua 8. Uzi ukiwa mwembamba kuliko wa kitabu, ongeza jingine au mawili, kwa kuwa vitanzi vimeongezeka, safu nazo zitaongezeka.

Msichana alipofuma sentimita 10 za kwanza za sweta lenyewe, alisimama akapima tena. Mkono uliokuwa na wasiwasi kwenye kipande hulegea ukishazoea kazi, na ni nafuu kufumua sentimita 10 kuliko 40. Zilikuwa V 24. Akaendelea.