Kazi na Wakati katika Delta ya Rufiji

Mto Rufiji ni mkubwa kupita mito yote ya Tanzania. Ukikaribia bahari, mahali panapoelekea kisiwa cha Mafia, hauna tena njia moja. Hugawanyika ukawa mikono mingi, na kati ya mikono hiyo ni matope, visiwa na msitu wa mikoko. Nchi hiyo ndiyo iitwayo delta, na siku hizi imo katika wilaya ya Kibiti. Kiasi cha nusu ya mikoko yote ya Tanzania bara imeota huko. Wenyeji wake ni wavuvi, wakulima wa mpunga na wakata boriti, nao wote wana bwana mmoja asiyesikia udhuru, yaani maji.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaopita saa 24 kidogo. Kila siku maji hukawia kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake, kwa sababu mwezi nao hukawia kadiri iyo hiyo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, hata tofauti yake hupita mita 3. Baina ya bamvua moja na ya pili ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika pwani hii maji ya bamvua hujaa karibu na saa 10 alfajiri, na tena karibu na saa 10 jioni. Basi mtu wa delta ajuaye umri wa mwezi huijua na saa ya maji, ijapokuwa hana saa mkononi. Mwanafunzi aweza kujaribu hesabu hiyo mwenyewe: maji yakijaa leo saa 4 asubuhi, baada ya siku 6 yatajaa karibu na saa 9 alasiri.

Tazama sasa kazi ya mkata boriti. Miti iliyonyoka vizuri mara nyingi haimo ukingoni mwa mto mkubwa. Imo ndani, kando ya vijito vyembamba ambavyo maji yakipwa hubaki matope matupu. Dau huingia pamoja na maji yanayojaa. Maji yakipwa, watu hushuka wakakata na kukusanya. Yakijaa tena, hupakia na kutoka. Kwa hiyo shoka hunolewa usiku uliotangulia, mtungi hujazwa maji ya kunywa, maana ya huko ni ya chumvi, na upondo huwekwa chomboni kabla ya kulala. Mtu aanzaye kutafuta jiwe la kunolea hali maji yanajaa, ataingia kijitoni amechelewa. Maji yatamwacha njiani, na dau lake litakaa juu ya matope karibu saa 12, mwenyewe akiliwa na mbu. Tena kuna hasara iliyo kubwa zaidi. Dau likikwama mahali pa juu wakati wa kilele cha bamvua, maji ya kesho hayatalifikia, wala ya kesho kutwa, kwa kuwa kila siku hupanda kidogo kuliko jana. Huenda likangoja bamvua ya pili, siku 14 hivi, kwa ajili ya kuchelewa nusu saa.

Hata manowari zimeyaona hayo. Mwaka wa 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika mikono ya Rufiji, na manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, kwa kuwa maji yalikuwa haba kwa vyombo vyao. Ililazimu kuleta vyombo viwili visivyozama sana majini, Severn na Mersey, na Königsberg iliangamia tarehe 11 Julai 1915.

Waswahili husema, Haraka haraka haina baraka. Nao wao husema, Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wako wanafunzi wanaoona kuwa methali hizi zinapingana, nao huchagua ile inayowapendeza siku hiyo. Mkata boriti huzitii zote mbili. Yu mwepesi katika kuondoka, walakini akiisha kufika msituni hana pupa. Huchagua mkandaa, msinzi na mkoko uliosimama wima, akauacha uliopinda. Kisha huipanga miti kwa unene wake, fito mbali, pau mbali, mazio mbali, boriti mbali, na kuihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini. Zamani majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi kununua miti hiyo na kurudi na kusi, na upana wa vyumba vya nyumba za mawe, huko na katika miji ya pwani yetu, ulifuata urefu wa boriti. Mti mmoja uliopungua ulikuwa hasara kwa mwenye kuezeka. Siku hizi hakuna ruhusa ya kukata bila kibali, na hilo ni jambo jema, kwa maana mikoko ndiyo makao ya kamba na samaki wadogo.

Mkulima wa mpunga katika bonde la mto ana saa nyingine, iendayo polepole, lakini ni kali vile vile. Mafuriko hufika kilele chake mara nyingi mwezi wa Aprili. Mpunga uliopandwa mapema, mvua zinapoanza, huwa umekwisha kurefuka, nao huweza kusimama majini. Uliochelewa hufunikwa na kuoza. Ndiyo sababu shamba hufyekwa wakati wa jua kali, siku ambazo kulala kivulini ni kutamu zaidi. Mpunga ukizaa, jamaa huhamia katika dungu, nyumba iliyoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, wakalinda ndege mchana na nguruwe usiku. Kundi la kwelea kwelea halihitaji siku nzima. Mlinzi akienda kuongea na jirani, hurudi akakuta masuke matupu.

Hata hivyo, mwenye bidii naye huweza kushindwa. Aprili ya mwaka 2024 mafuriko makubwa yalizamisha mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, ya waliowahi na ya waliochelewa. Lakini maji yakiondoka huacha udongo mbichi wenye rutuba, na humo Warufiji hupanda mahindi, kunde na mboga pasipo kungoja mvua; kilimo hicho huitwa mlau. Aliyeweka mbegu mahali pa juu, ndani ya kibuyu kilichozibwa vema, huanza kupanda mara miguu inapoweza kukanyaga. Aliyezila zote huenda kukopa kijiji hata kijiji, na anaporudi nazo ardhi imekwisha kukauka na kupasuka.